Meli Aliyoisugua Dada Edina

Wiki iliyopita fundi aliyekuja kutengeneza geti la nyumba ninayopanga hapa Zuzu alianza kwa kukwangua kutu kwa brashi ya waya, kisha akapaka ile rangi nyekundu ya kwanza, ya kuzuia kutu isirudi. Mimi nilikuwa naanua nguo. Harufu ikanifikia kabla sijamsalimia, nikabaki nimesimama na shuka mkononi mpaka akaniuliza kama rangi inaniumiza kichwa. Nikamjibu hapana, inanikumbusha dada yangu. Alinitazama kwa mashaka kidogo, na simlaumu. Si wanawake wengi wanaokumbukwa kwa rangi ya geti.

Dada Edina alirudi na harufu hiyo hiyo mara ya kwanza alipotoka melini. Ovaroli lake lilikuwa limefuliwa, limekunjwa, limesafiri kwa ndege mbili na basi moja, na bado tulipofungua begi harufu ilijaa chumba kizima. Lakini nimeruka mbele. Kabla ya siku hiyo ilipita miezi kadhaa ambayo mimi, mtoto wa darasa la nne, nilikaribia kuyaharibu masomo yake yote kwa mkono wangu mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa upendo na kwa kichwa kigumu, na wakati ule sikujua kuvitofautisha.

Tuliishi Bahi, nje kidogo ya mji, upande wa majaruba ya mpunga. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu: Mama, Edina na mimi. Edina alinizidi miaka kumi. Alipomaliza kidato cha sita alipata ufadhili wa kusomea unahodha huko Ulaya, nchi ya baridi, kwenye chuo ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaishi melini na kusomea humo humo. Watu walicheka. Msichana wa Kigogo aliyekulia vumbini anakwenda kuendesha meli, wakati bwawa letu lenyewe miaka mingine linakauka mpaka ng'ombe wanapita katikati. Edina alicheka nao, kisha akaenda kufunga begi. Mama hakucheka. Alisema mtoto ameitiwa shule, na shule ni shule hata ikielea.

Aliyeweka sahihi kwenye fomu ya mlezi ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, na aliiweka kwa shingo upande. Alisema ameshaona mabinti wa kwetu wakiondoka na ahadi ya shule, na ameona walivyorudi. Hakutaja jina, ila wote tulijua anamsema Rehema.

Rehema ni binti wa mama mkubwa, dada yake Mama. Mwanamke mmoja alikuja kwao kutoka Dar es Salaam, amevaa vizuri, amebeba doti ya kitenge kwa ajili ya mama mkubwa, akasema anatafuta msichana mwenye adabu ampeleke kusomea ushonaji. Kwetu huko mambo haya yanajulikana. Mabinti wa Dodoma wanasifiwa kwa kuchapa kazi na kutojibu, na sifa hiyo imewaponza wengi. Rehema alikaa miaka miwili. Aliporudi hakujua kushona hata kifungo, na viganja vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni ya unga na dawa ya chooni. Nilikuwepo jikoni siku aliyomsimulia Mama. Aliamshwa kabla ya jogoo, akasugua sakafu, akamenya viazi, hakuruhusiwa kutoka nje ya geti, simu yake ilichukuliwa, na hakuitwa kwa jina lake hata siku moja. Aliitwa “wewe.” Mama alilia, na mimi nikajificha nyuma ya gunia la uwele nikalia pia. Kila neno liliniingia likabaki.

Edina alipoondoka alituachia simu yake ya kupangusa, yenye ufa kwenye kioo. Mama hakusoma shule, kwa hiyo msomaji nikawa mimi. Ujumbe wa Edina ulikuwa hauji kila siku, maana katikati ya bahari hakuna mtandao. Ulikuja meli ikitia nanga, mrefu, wa wiki tatu nzima kwa mpigo. Nilikuwa naipeleka simu dukani kuchajiwa, kisha napanda tuta la reli, mahali pekee ambapo mtandao ulishika bila kukatika, nasubiri ujumbe ushuke. Halafu narudi mbio nyumbani kumsomea Mama akiwa anapepeta uwele.

Ule wa kwanza niliusoma peke yangu pale kwenye tuta kwa sababu sikuweza kusubiri. Edina aliandika kwamba wanaamshwa kwa kengele saa kumi na moja na nusu, giza bado. Kabla ya chai wanapiga magoti na kusugua sitaha, yaani sakafu ya juu ya meli, kwa brashi na maji ya chumvi. Wiki ile alikuwa zamu ya jikoni, na alikuwa amemenya viazi gunia zima mpaka kidole gumba kikavimba. Wiki inayofuata atakwangua kutu. Simu wanazikabidhi, wanarudishiwa meli ikifika bandarini. Jina lake lilikuwa linawashinda, kwa hiyo walimwita kwa namba iliyoshonwa kwenye ovaroli: Thelathini na Moja.

Nilikaa chini juu ya kokoto za reli. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kuamka gizani, kusugua, viazi, kunyang'anywa simu, kupotezewa jina; yote yalikuwepo, tena kwa mpangilio ule ule wa Rehema. Mimi meli sikuwahi kuiona hata kwenye picha ya maana. Kichwani mwangu ilikuwa nyumba kubwa yenye sakafu nyingi kupita kiasi, na mwenye nyumba anaitwa nahodha. Sasa nilijua kwa nini walimtoa msichana huku kote Bahi wakati wana mabinti wao kule pwani wanaojua kuogelea.

Ulikuwepo ujumbe mwingine chini yake, mrefu kuliko huo. Macho yangu yaliruka juu yake yakitafuta mabaya, na yakayapata kwenye ujumbe mfupi wa mwisho. “Natapika kila siku, Lea,” aliniandikia mimi. “Usimwambie Mama. Sijui kama nitaweza.”

Nikaamua palepale. Mama asijue, kwa sababu nilikwisha kuyaona machozi yake kwa Rehema na nisingeweza kuyaona tena. Na Edina arudi. Jinsi mambo hayo mawili yatakavyokaa pamoja sikujua, ila niliyataka yote mawili, na nilikuwa mtoto wa kutaka kitu mpaka kiniue.

Jioni ile nilimsomea Mama barua ya uongo kwa sauti ya darasani. Dada hajambo. Wanaamka mapema kwa sababu kule jua ni zuri asubuhi. Wana maji mengi, hata sakafu inaogeshwa. Anakula viazi, gunia zima. Amepewa namba yake mwenyewe, imeshonwa kabisa kwenye nguo. Mama aliacha kupepeta. Alitabasamu peke yake, na kesho yake nilimsikia kisimani akiwaambia wenzake kwamba Edina huko aliko ana namba. Aibu niliyoisikia siku ile bado naikumbuka kwenye masikio, yalivyowaka moto.

Niliendelea hivyo kwa miezi miwili. Kila ujumbe uliofika ulikuwa na kusugua ndani yake, kukwangua, kupaka rangi nyekundu, kufua, kusimama zamu masaa manne kwenye baridi akitazama maji. Na masomo yalikuwemo, ramani na nyota na hesabu za mwendo, lakini nilidhani hayo anayaandika ili kutufurahisha, kama mimi nilivyokuwa namfurahisha Mama. Mwongo anadhani kila mtu ni mwongo mwenzake. Mwishoni Edina aliandika mistari miwili tu: homa, kutapika, amepungua mpaka ovaroli linamwanguka mabegani. Meli inaondoka tena kesho.

Ndipo nikaandika. Nilijua Edina hatanisikiliza mimi, wala hatamsikiliza baba mdogo. Angemsikiliza mtu mmoja tu duniani. Nikaandika: “Edina mwanangu. Ni mimi mama yako, Lea ananiandikia. Acha kusugua. Rudi nyumbani. Mama hakasiriki.” Nikabonyeza. Ikatokea alama moja ya vema, maana yake ujumbe umeondoka kwetu lakini haujamfikia. Meli ilikuwa imeshaingia baharini. Nikashuka kwenye tuta nimenyooka kama askari, nikijiona nimemwokoa ndugu yangu.

Kilichobaki ni mtu wa kwenda kumpokea uwanja wa ndege, na hapo nilimhitaji mtu mzima. Nilimkuta baba mdogo kwenye zizi, nikamwamkia, nikamweleza kila kitu isipokuwa ule ujumbe wangu. Nilidhani atanisifu. Alifunga zizi, akachukua fimbo yake, akatembea mpaka kwetu kwa hatua ambazo nilikimbia ili kuzifuata.

Mama alikuwa uani. Baba mdogo hakukaa hata alipowekewa kigoda. Alisema aliyaona mapema. Alisema Jumatatu anakwenda Dodoma mjini, kwenye ofisi iliyompeleka Edina, kufuta ile sahihi yake, na watamrudisha binti wakitaka wasitake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, na sijawahi kuogopa macho ya mtu kama nilivyoyaogopa yale.

“Lete simu,” alisema. “Soma yote. Usiruke hata neno.”

Nikasoma. Nilianza na ujumbe wa kwanza kabisa, nikilia kwa kwikwi, na mara hii kengele ikawa kengele na viazi vikawa vya kumenya. Baba mdogo alikuwa akigonga ardhi kwa fimbo kila ilipotajwa kazi. Mama hakusogea. Nilipofika kwenye ule mrefu niliouruka, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusoma. “Tuko arobaini na wawili,” Edina aliandika, “tunapiga magoti mstari mmoja, wavulana kwa wasichana. Pembeni yangu yuko kijana ambaye baba yake ana meli zake mwenyewe, na magoti yake yamechubuka kuliko yangu, maana mimi nimezoea. Jumamosi mwalimu mkuu wa meli, mzee wa ndevu nyeupe, anavua koti anasugua nasi. Anasema asiyeijua meli kwa magoti hataijua kwa kichwa. Na wote tuna namba. Yule kijana ni Tisa.”

“Rudia hapo,” Mama alisema.

Nikarudia. Akaiangalia mikono yake, nami nikajua anaiona mikono ya nani.

“Rehema alisugua na nani?” alimuuliza baba mdogo.

Baba mdogo alichora chini kwa ncha ya fimbo.

“Nakuuliza, shemeji. Yule mwanamke alipiga magoti na Rehema? Watoto wake walipiga?”

“Alisugua peke yake,” baba mdogo alisema.

“Basi si kitu kimoja.”

Baba mdogo hakukubali kirahisi. Aliniamuru nisome pale pa kutapika, nikasoma, na pale pa homa, nikasoma. Akamwambia Mama kwamba mtoto atakufa kwenye maji ya watu. Mama alisimama, akakung'uta makapi kwenye kanga yake.

“Mimba zangu zote mbili nilitapika mpaka nikashindwa kusimama,” alisema. “Sikumrudisha mtoto. Jumatatu huendi popote.”

Ilitakiwa iishie hapo, na kila mtu angelala na amani yake. Lakini ndani ya simu kulikuwa na alama moja ya vema. Niliwaza kunyamaza, nakiri kwamba niliwaza. Kisha nikamwona Edina akishuka melini na begi lake kwa sababu Mama ameruhusu, na watu wa Bahi wakicheka tena, na yeye safari hii hacheki nao. Nikasema. Nilisema nikiwa nimeziba uso kwa viganja, kwa hiyo sikuona Mama alivyonitazama. Nilisubiri kofi. Badala yake nikasikia anauliza kama ujumbe umefika, na kama unaweza kuzuiwa. Nikamwambia haujafika, lakini kuuzuia sijui. Akauliza inawezekana kutuma mwingine uende nyuma yake. Nikasema inawezekana.

“Vaa viatu,” Mama alisema.

Tulipanda tuta la reli jua likiwa bado kali. Mama alikuwa hajawahi kusema na simu isiyomjibu. Nilimwelekeza: nitabonyeza hapa, utasema, nikiachia imekwenda. Alijifunga kanga upya, akakohoa, akaanza kwa salamu ya nyumbani, “Mbukwa, mwanangu,” na hapo hapo treni ya mizigo ikatokea upande wa Manyoni. Behewa baada ya behewa lilipita, ardhi ikitetemeka chini ya miguu yetu. Nilitaka kuachia kidole tuanze upya. Mama alinishika mkono nisiachie. Alisubiri treni yote ipite, mpaka behewa la mwisho, akiwa ameikazia macho ile simu, kisha akaendelea pale pale alipokuwa ameishia.

“Edina. Ujumbe ule wa kurudi si wangu, ni wa mdogo wako, alikuonea huruma. Sasa nisikilize mimi. Kama wenzako wanasugua, sugua. Ukitapika, tapika, kisha unywe maji, uendelee. Ila kama uko peke yako kwenye hayo magoti, niambie, nije kukuchukua. Njia siijui, lakini nitauliza. Nimemaliza.”

Nikaachia kidole. Alama moja ya vema.

Kwa siku kumi na saba nilipanda tuta lile asubuhi kabla ya shule na alasiri baada ya shule. Sikuruhusiwa kucheza, na sikuomba. Mama alifanya kazi zake kama kawaida, akapandikiza mpunga, akaenda kanisani, lakini kila niliporudi aliinua kichwa kabla sijafika mlangoni, nami nikatikisa changu. Wiki ya pili akaanza kuja nami. Tulikaa kwenye kokoto bega kwa bega. Sikuwahi kukaa karibu na mama yangu kwa muda mrefu hivyo, na ingawa nilikuwa nimekosa, nilikuwa nafurahi, na furaha hiyo nayo iliniongezea aibu.

Siku ya kumi na nane alama zilikuwa mbili. Kwenye ujumbe wangu mbili, kwenye sauti ya Mama mbili. Vyote viwili vimefika pamoja, na hakuna jibu. Siku iliyofuata, kimya. Mama alisema labda amelala. Siku iliyofuata tena, simu ililia tukiwa bado tunapanda, nikaifungua kwa vidole vilivyokuwa vinateleza kwa jasho.

“Mama,” Edina aliandika, “tunasugua wote.”

Hakukuwa na neno jingine. Mama alinifanya nisome mara tatu, kisha akakaa chini pale pale kwenye tuta, akaificha sura yake kwenye kanga, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia kwa huzuni. Nilikuwa bado mtoto, nilikuwa najua aina moja tu ya kulia.

Mwaka uliofuata Edina akaja likizo, na lile begi, na ile harufu. Alikuwa amejaa mabega, na alikuwa anatembea kwa kutanua miguu kidogo, jambo lililomchekesha hata baba mdogo, aliyekuja na mbuzi wa kumpokelea bila kueleza kwa nini. Hakuna aliyeutaja ule ujumbe wangu. Niliukwepa uso wa dada yangu siku nzima.

Asubuhi ya pili niliamka nikasikia mchanga ukikwaruza uani. Edina alikuwa amekaa chini, amevaa ovaroli lenye namba, anasugua masufuria ya mbuzi wa jana kwa majivu na mchanga. Yalikuwa mengi, meusi tii. Nilisimama mlangoni. Halafu nikaenda nikachukua sufuria kubwa kuliko yote, nikapiga magoti karibu yake, nikaanza kusugua. Tulisugua muda mrefu. Nilisema samahani huku nimeinama, maneno yakaingia ndani ya sufuria.

“Nilijua ni wewe,” Edina alisema. “Tangu neno la kwanza nilijua. Mama hajawahi kusema hakasiriki.”

Nikamuuliza basi kwa nini alikaa siku mbili bila kutujibu.

Hakuacha kusugua. “Kwa sababu nilijua ni uongo, Lea, na begi nilifunga hivyo hivyo. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi ya kushukia, nimesimama na begi, ndipo nikafungua sauti ya Mama nimsikie kabla sijaondoka. Nikaisikia ile treni inapita, na Mama anaisubiri imalize.” Aliisukuma sufuria yake kando, akavuta upande wa pili wa ile yangu. “Nikasema, basi na mimi nitasubiri ipite.”